Kiolezo Kimoja kwa Simu Zote

Mama Pacha alikuwa fundi wa mtandao hospitalini. Kila asubuhi aliwavalisha pacha wake sare, akawatafutia soksi zilizopotea, akawakatia mkate aliouoka baba yao. Baba Pacha alikuwa mwokaji. Alirudi nyumbani na unga kichwani wakati mkewe anatoka.

"Leo utarudi mapema?" aliuliza.

"Mapema."

"Mapema ya watu wengine, au mapema yako?"

Mama Pacha alicheka, lakini alijua mumewe ana haki ya kuuliza. Siku hizi alikuta watoto wamekwisha kulala.

Hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya ya wazazi. Kila chumba kilikuwa na simu na kompyuta, na ukumbini kulikuwa na kamera. Nyaya zote zilipita darini, zikaishia kwenye kabati la chuma. Ndani ya kabati kulikuwa na swichi za mtandao. Hizi si swichi za kuwashia taa. Ni visanduku vyenye matundu mengi, na kila tundu hupokea waya mmoja. Kila tundu lazima liambiwe kazi yake. Hapa ni simu, pita njia namba 13. Hapa ni kamera, pita njia namba 31.

Mama Pacha aliyaambia matundu hayo moja moja. Aliketi na kompyuta mapajani, akaandika maagizo ya tundu la kwanza. Akahamia la pili, akaandika yale yale. Akahamia la tatu, yale yale tena. Vidole vilikufa ganzi. Macho yalimwasha.

Chumba cha kujifungulia kilianza kutumika kabla ya vingine. Siku moja mchana, mama mmoja alijifungua na damu ikawa haikatiki. Daktari alinyanyua simu ili aombe damu. Simu kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Muuguzi mmoja alivua viatu akatoka mbio pekupeku hadi benki ya damu, upande wa pili wa hospitali. Alirudi na mifuko ya damu mikononi, hawezi hata kusema. Yule mama alipona. Lakini nusura afe.

Metroni, mkuu wa wauguzi, alimwita Mama Pacha pembeni.

"Fundi, simu yako ilitaka kutuulia mtu."

Mama Pacha alifungua kompyuta yake, akatazama maagizo ya tundu la simu ile. Mahali pa 13 palikuwa pameandikwa 31. Simu ilikuwa imetupwa kwenye njia ya kamera, na huko hakuna wa kuipokea. Alirekebisha namba hapo hapo.

"Ni kosa langu, Metroni. Niligeuza namba."

"Najua hukukusudia," Metroni alisema. "Lakini Jumamosi tunahamia wodi nzima. Hayo mengine uliyoandika, una hakika nayo?"

Mama Pacha alitikisa kichwa.

Jioni hiyo wifi yake alikuja kuwatembelea. Alikuwa dada mkubwa wa Baba Pacha, na alisimamia mtandao wa uwanja wa ndege. Majirani walimwita Wifi wa Waifai, na jina hilo alikwisha kulizoea.

"Wifi, mbona uso umekunjamana? Mdogo wangu amekuudhi?"

"Mie simo!" Baba Pacha alipaza sauti kutoka jikoni.

Mama Pacha alimweleza yote. Aliposimulia habari ya muuguzi aliyekimbia pekupeku, machozi yalimlengalenga. Wifi yake alimshika mkono, akamwacha amalize.

"Pole sana, wifi. Sasa niambie. Matundu ya simu, maagizo yake yanatofautiana?"

"Hapana. Yote ni yale yale."

"Basi kwa nini unayaandika upya kila mara?"

"Si lazima kila tundu liambiwe?"

"Ndiyo, liambiwe. Lakini mtu akiandika jambo moja mara nyingi, mwisho atakosea tu. Hata mimi. Tengeneza kiolezo."

Baba Pacha alitokea mlangoni, taulo begani. "Kiolezo ndiyo nini?"

"Ni maagizo unayoandika mara moja tu, ukayapa jina," dada yake alijibu. "Maagizo ya simu unayaita SIMU. Kisha unaiambia swichi: matundu haya yote, yafuate SIMU. Basi. Kamera unazitengenezea kiolezo chake. Siku ukitaka kubadili kitu, unabadili kwenye kiolezo, na matundu yote yanafuata."

"Na nikikosea kwenye kiolezo?" Mama Pacha aliuliza.

"Hapo utakuwa umekosea kote kwa mkupuo! Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye tundu moja. Piga simu, sikiliza. Ikiwa safi, ndipo uyape mengine. Na jambo jingine, maana wengi hunaswa hapo. Agizo uliloandika kwa mkono kwenye tundu lenyewe lina nguvu kuliko kiolezo. Usipolifuta, tundu litalifuata hilo la zamani."

"Kumbe tundu nalo lina ubishi," alisema Baba Pacha.

"Kama ndugu yangu mmoja hivi," dada yake alijibu, na wote wakaangua kicheko. Mama Pacha naye alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kesho yake alianza. Aliandika kiolezo cha SIMU, akakisoma taratibu kwa sauti, namba kwa namba. Alifuta maagizo ya zamani kwenye tundu moja, akalipa kiolezo. Kisha akapiga simu kwenye jiko la hospitali.

"Haloo, nani ana njaa?" mpishi aliitika.

Mama Pacha alirusha ngumi hewani. Akayapa kiolezo matundu mengine. Akatengeneza cha kompyuta, na cha kamera. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza kazi iliyokuwa ikimla siku nzima nzima. Ila tundu la chumba cha kujifungulia hakuligusa. Liliwahi kumtia hofu, na sasa lilikuwa linafanya kazi. Aliliacha kama lilivyo.

Jumamosi wodi ilijaa. Vitanda viliingia, kompyuta zikawashwa, kamera zikaanza kazi. Mara wauguzi wakaanza kulalamika.

"Fundi, sauti zinakatika! Tunasikia neno, tunakosa neno!"

Mama Pacha alielewa. Njia zote, ya simu na ya kamera, zilitumia waya mkuu mmoja, nao ulikuwa umejaa picha za kamera, na sauti ilikuwa inasubiri zamu. Ilibidi sauti ipite kwanza. Zamani angelazimika kuyarudia matundu yote. Sasa alinakili kiolezo, akaongeza mstari mmoja, akaijaribu nakala kwenye simu ya mapokezi. Sauti ikaja safi. Ndipo akaongeza mstari huo kwenye kiolezo chenyewe.

Chumba baada ya chumba, wauguzi walitoa vichwa milangoni. "Imepona! Na huku imepona!"

Simu moja tu ilibaki kukwaruza. Ilikuwa ya chumba cha kujifungulia, na ndani palikuwa na mama mwenye uchungu.

Safari hii Mama Pacha hakubabaika. Alikumbuka maneno ya wifi yake. Kwenye tundu lile maagizo yote yalikuwa ya mkono, na mojawapo lilisema sauti isubiri zamu kama vitu vingine. Aliyafuta yote, akalipa tundu kiolezo.

"Jaribu sasa, daktari!"

Daktari alinyanyua simu. "Benki ya damu? Tunaomba damu iwe tayari, kwa tahadhari tu."

"Nimekusikia, daktari. Inaletwa."

Kabla daktari hajaweka simu, mtoto alilia.

"Huyo anayelia yuko wapi?" mtu wa benki ya damu aliuliza. "Mbona kama yuko mezani kwangu?"

Wodi ilipasuka kwa vigelegele. Metroni, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza, alizunguka mara moja katikati ya ukumbi, kisha akarekebisha kofia yake.

"Fundi," alisema, "wodi nyingine nazo zinataka hicho kiolezo chako."

"Zitapata, Metroni. Jumatatu naanza kuwafundisha mafundi wenzangu."

Mama Pacha alifika nyumbani jua bado kali. Baba Pacha alikuwa anaosha trei za mikate uani. Alimwona, akaiacha trei ikaanguka.

"Wamekufukuza kazi?"

"Nani anifukuze?" Mama Pacha alivua viatu, akanyoosha miguu kizingitini. "Nimemaliza, bwana. Waite watoto, leo tunakula wote."