Waya Uliopita Ukutani

Shoga yangu mchapaji si mtu wa kutia chumvi. Kwao intaneti ilikuwa moja, nayo iliingilia kwenye kompyuta ya wifi yake. Kutoka hapo waya ulipita kwenye tundu la ukuta hadi kompyuta ya shoga yangu, chumba cha pili. Wifi akizima yake, shoga naye amekatika. Na wifi alizima makusudi kila walipogombana.

Siku hiyo mvua ilitia giza mchana. Shoga alikuwa akimtumia bosi kazi, na bosi alishamwonya kwamba akichelewa tena asirudi. Intaneti ikakatika katikati.

"Wifi, washa! Unanitoa tonge mdomoni!"

Nyuma ya ukuta akasikia vitufe vikibonyezwa, kimoja kimoja, kama mtu anayejifunza. Hasira zikampanda. Akaupiga ukuta ngumi, akaushika waya, akauvuta kwa nguvu zote.

Ukavutwa upande wa pili.

"Leo utanikoma!" shoga akafoka.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Wifi akaingia hadi chumbani kwa shoga, amelowa chapachapa, kompyuta yake mkobani.

"Unamtukana nani, wifi? Nimeshinda kwa fundi na kompyuta yangu tangu asubuhi. Chumba nimekifunga, ufunguo huu hapa."

"Mwongo! Asubuhi nzima nimetumia intaneti ya nani?"

Wifi akageukia ukuta. Alikuwa akitazama tundu. Waya ulikuwa ukiingia humo taratibu, vitufe vikiendelea kulia, hata kompyuta ya shoga yangu ikaanza kusogea mezani kuelekea ukutani.