Kigoda Kilichopakwa Vanishi

Ndugu zangu, nawasimulia yaliyompata Mzee Ndalahwa wa Usagara mwaka 1999, ili yasije yakawapata na ninyi.

Ndalahwa na mdogo wake Josephat waliishi nyumba zinazotazamana. Walilima pamba pamoja na kula sahani moja. Marehemu baba yao alimwachia mkubwa kigoda cha ukoo, mdogo akaachiwa ngoma. Kigoda kilikuwa cheusi kwa umri, na kwenye mguu wake kila mzee aliyekirithi alikuwa amechonga alama yake. Alama zilikuwa tano. Ya mwisho ya baba yao.

Ndipo akaja Bwana Rwekaza, mtaalamu wa vitu vya kale, kunakili maumbo ya vitu vya urithi kwa mashine ya kushika mkononi. Ilimulika kitu kwa mstari mwembamba wa mwanga mwekundu, umbo lake lote likatokea kwenye kompyuta, ukaweza kuligeuza huku na huku. Akaanzia kwa Josephat. Majirani wakajaa uani kutazama ngoma ikimulikwa.

"Shikamoo mzee. Kwako tutakuja kesho," alimwambia Ndalahwa.

"Marahaba." Kesho! Yeye, mkubwa, asubiri kesho!

"Kula basi," mkewe Paskazia alimsihi.

"Nile nini? Niliyembeba mgongoni leo ananitangulia!"

"Jamani, ni zamu tu."

"Hiyo ngoma yake chakavu wataisahau. Subiri uone."

Mchana uleule alinunua msasa na vanishi. Hebu fikirini, mtu mzima na akili zake! Alikikwangua kigoda mpaka weusi wote ukatoka, akakipaka vanishi mara tatu. Kikang'aa kama kochi la dukani.

Asubuhi Rwekaza alikimulika. Kwenye kompyuta umbo likatokea na matundu matupu.

"Vanishi inang'aa mno, mwanga hauirudii mashine," alisema. "Hilo lina dawa, tutakipaka unga kidogo kising'ae. Alama ziko wapi, mzee?"

Ndalahwa alipapasa mguu wa kigoda. Ulikuwa laini kote.

Rwekaza akaizima mashine. "Mzee wangu, ile ngoma tuliijaribia mashine tu. Safari yote hii tulifuata hizo alama."

Josephat alichuchumaa, akaitafuta kwa kidole alama ya baba yao. Hakuipata.

"Kaka, si ungeniambia? Ningekupisha."

Ndalahwa alipewa karatasi na kalamu azichore zile alama kwa kukumbuka. Alichora mbili. Ya tatu ikamshinda, na alipomtazama Josephat amsaidie, Josephat alikuwa analia.

FUNZO

Kigoda hakikuibwa na mtu. Mwenyewe alikiharibu kwa mkono wake, kwa kumwonea ndugu yake wivu wa siku moja. Mwenzako akitangulizwa, uliza sababu kabla hujakasirika. Na vitu mlivyoachiwa na wazee msivikwangue vifanane na vya dukani. Kilichotafutwa kwa Ndalahwa ni uchakavu ule ule alioufuta.