Alama Iliyoinuka

Jumatatu simu ya Agnella ilianza kumkataa. Aliweka kidole gumba mara tatu, ikagoma mara tatu, akaishia kubonyeza namba ya siri.

"Sabuni hizi zitanimaliza," alimwambia mumewe, Remigius. Hawakushtuka, maana nani hushtushwa na simu?

Wawili hao walikuwa na karakana ya kuchapa viroba vya mchele, mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara. Wiki hiyo walikuwa wakitafuta dakika sahihi za kuchomea pleti, yaani bamba la plastiki la kuchapia, kwenye mashine mpya. Kompyuta huandaa picha, taa kali huigandisha kwenye plastiki laini, kisha Agnella husugua kwa brashi na kisichoganda huondoka. Pleti ya majaribio ilikuwa na safu ya nukta, kuanzia kubwa hadi ndogo kuliko vumbi. Kwa dakika nane, zile ndogo ziling'oka. Na pembeni, mahali pasipo na picha, palikuwa na alama ya kidole.

"Umeshika pleti mbichi," Remigius alinung'unika.

"Sijashika. Na ningeshika, kidole kingeacha shimo. Hii imeinuka."

Remigius aliipapasa. Kweli, mistari ilikuwa imetokeza, kama imesukumwa kutoka ndani. Aliogopa kidogo, akajiona mjinga, akaongeza dakika mbili.

Kwa dakika kumi kikatokea kiganja kizima, na katikati yake kovu la mundu, lile lile alilolipata Agnella akivuna mpunga kijijini Mofu. Mchana kweupe, milango imefungwa, chumba kikanuka tope la mto. Agnella akafungua mkono wake chini ya taa ya njano. Kovu halikuwepo. Mistari haikuwepo. Kiganja kilikuwa laini kama yai, na alipokifinya hakusikia maumivu.

"Remi," alinong'ona, "kinachukua mkono wangu."

Remigius alizima mashine, akachomoa na waya ukutani, lakini ndani ya droo ya mashine, pale pleti huwekwa chini ya taa, iliyokuwa tupu na baridi, kitu kikaanza kusugua, taratibu, kwenda na kurudi, kwa mwendo ule ule wa Agnella anapoosha pleti, na brashi yake ilikuwa bado imelala kwenye beseni.

Walimleta Bibi Bernadetha, mganga kutoka Mofu. Alisimama mlangoni akinusa, asiingie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo ni jini la mtoni, halina mwili. Mwanga wenu ndio unaoliumbia. Kila dakika mnayoongeza, linachota kwa huyu mama."

"Tufanyeje?"

"Taa isiwashwe tena. Mistari ikirudi vidoleni, ujue limekwenda."

Alizifunga pleti kwa kaniki, akazizika kwenye tope la mto.

Siku sita Agnella aliijaribu simu asubuhi na jioni, na siku sita ikamkataa. Jumapili, baada ya misa, Remigius alikuwa sebuleni akivua viatu aliposikia nyuma yake ule mlio wa simu kufunguka. Furaha ikamjaa hadi macho yakamlowa.

"Mke wangu, imekukubali," alisema bila kugeuka.

"Imenikubali nini, baba Edna?"

Sauti ilitoka uani. Kupitia dirishani alimwona akipepeta mchele, mikono yote miwili imeshika ungo. Remigius akageuka polepole. Simu ilikuwa mezani, imefunguka, na juu ya kioo chake kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya tope bichi.