Plasta ya Jicho Zima

Kila siku akitoka shule, Pilipili alitakiwa kumbandika mdogo wake plasta kwenye jicho zima ili lile bovu lifanye kazi, kumvisha miwani yake minene na kumchezesha kwa saa tatu, mama alipokwenda kushona. Jina hilo alipewa nyumbani kwa hasira zake, na mwaka huo hasira zote zilimwangukia daktari wa macho. Mdogo wake alipokuwa na miezi miwili, daktari alimtoa lenzi ya jicho moja iliyoingia ukungu, asiweke ya bandia. Alisema jicho bado linakua, lenzi itapandikizwa baadaye. Pilipili aliona hizo ni danadana tu za hospitali.

Tena mtoto alilia kila plasta ilipobandikwa. Basi mama akishatoka, Pilipili aliibandua, akairudisha karibu na jioni. Mama aliikuta mahali pake na kumsifu.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu; daktari alifunika jicho zima, akapitisha mpira mwekundu mbele ya mtoto. Mtoto hakuufuata. Mama, ambaye hakuzoea kumung'unya maneno, alisimama.

"Nilikuomba umwekee lenzi mapema, ukanizungusha. Sasa mwanangu anapofuka."

Daktari naye alipandisha sauti. "Jicho halijapofuka, mama. Limelala kwa kukosa kazi. Plasta mnaibandika kweli?"

"Kila siku. Muulize dada yake."

Pilipili aliona kwamba akiitikia, wakubwa watazidi kugombana na mdogo wake atalikosa jicho.

"Huwa naibandua," alisema. "Nilimwonea huruma, analia sana."

Mama alimtazama hadi akatamani ardhi ipasuke.

"Lenzi inaweza kusubiri, miwani inaishikia nafasi," daktari alisema. "Ubongo wa mtoto hausubiri. Usipojifunza sasa kulitumia jicho hili, hata lenzi nzuri namna gani haitamfaa. Bado tunawahi."

Mama alimwomba daktari radhi.

Tangu hapo plasta haikubanduliwa. Mtoto alilia, Pilipili alimwimbia, naye akazoea. Baada ya miezi mitatu jicho lile liliufuata mpira, taratibu, hadi mwisho.

"Nimefurahi, lakini sijasahau," mama alimwambia wakitoka kliniki. "Kazi ikikushinda, sema imekushinda, tutasaidiana. Ukinificha, mimi nitagombana na asiye na kosa, na mtoto asiyejua kusema ndiye atakayeumia."