Zamu ya Krismasi

Kila jioni mama akisonga ugali, Fauzia ndiye aliyekuwa karani wake. Mama alishika mwiko, na Fauzia, binti wa miaka kumi na miwili, alishika simu. Alisoma kwa sauti ujumbe uliotoka kazini, kisha akaandika jibu aliloambiwa. Waliishi wawili tu katika nyumba ya kupanga mtaani Shieywe, mjini Kakamega. Baba alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na Desemba hiyo alikuwa njiani kwenda Juba.

Mama yake, Bi. Aminah, alifanya kazi katika kituo cha kupozea maziwa karibu na soko la Khayega. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa ya wakulima kabla hayajamiminwa ndani ya tangi. Ng'ombe, kama ujuavyo, hana kalenda. Hukamuliwa Jumapili, hukamuliwa sikukuu, na maziwa yake yasipopozwa asubuhi hiyohiyo huchacha. Ndiyo maana lazima mtu awepo kituoni hata siku ya Krismasi.

Kwa miaka sita mtu huyo alikuwa Bi. Aminah. Yeye ni Mwislamu, mzaliwa wa Matungu, na mpimaji mwenzake, Jescah, ni Mkristo kutoka Lugari. Wawili hao walipatana bila karatasi wala shahidi. Aminah angeshika zamu ya Krismasi ili Jescah aende kwao, naye Jescah angeshika zamu ya Idi ili Aminah akae na watu wake. Hakuna aliyewahi kumwangusha mwenzake.

Mwaka huo matata yaliletwa na harusi. Shangazi Zeituni, dada mdogo wa baba, alikuwa aolewe Matungu tarehe ishirini na tano Desemba, kwa kuwa siku hiyo kila mtu huwa amerudi nyumbani. Fauzia alikwisha kushonewa gauni la kijani.

"Tutaenda tarehe ishirini na sita," mama alimwambia.

"Tutakuta nini, mama? Sufuria chafu?"

"Tutakuta watu wetu. Mimi nimeshatoa neno langu."

Jioni ya tarehe ishirini na mbili simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Bwana Mukhwana, msimamizi wa kituo: "Aminah, napanga zamu. Krismasi uko, kama kawaida?"

Fauzia akausoma kwa sauti.

"Mwambie niko," mama akajibu, huku amempa mgongo.

Fauzia alilitazama gauni lililotundikwa ukutani. Vidole vyake vikaandika: "Samahani bosi, mwaka huu sitaweza. Tuna harusi. Mpangie Jescah." Akatuma kabla moyo haujamkataza. Jibu likaja upesi: "Sawa. Nitamwambia." Akafuta yote.

"Amesema nini?"

"Amesema... upumzike. Anti Jescah hasafiri mwaka huu, atashika yeye."

Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria. "Haki? Alhamdulillahi! Basi harusi tunaenda!" Akaanza kuimba nyimbo za harusi papo hapo jikoni. Fauzia alikuwa amepata alichokitaka, lakini usiku huo ugali wake aliuacha nusu.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kupita kiasi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo asubuhi iliyofuata Fauzia alifuatana na mama hadi kituoni. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na mitungi yao. Mama alimwendea Jescah moja kwa moja, akamshika mkono.

"Mama Tyson, asante sana. Mungu akuzidishie."

Jescah aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unanishukuru? Umeninyang'anya Krismasi, halafu unakuja kunishukuru mbele ya watu?"

"Nimekunyang'anya vipi?"

"Wacha tu, Mama Fauzia. Idi nilikushikia ama sikukushikia? Nilisimama hapa pekee yangu toka saa kumi na moja, wewe ukikula pilau kwako. Sasa imefika zamu yako, una harusi. Na hata hukuniambia mimi. Umepitia kwa bosi."

Mkulima mmoja kwenye foleni akadakia, "Hao hawajuangi uchungu wa Krismasi." Wengine wakacheka.

Mama alibaki amesimama na kipima maziwa mkononi. Fauzia alisimama nyuma yake. Maneno mawili tu yangetosha: ni mimi. Lakini aibu ikamkimbiza hadi nyuma ya jengo.

Huko hakupata nafuu. Punde Jescah naye akaja, akampigia mwanawe simu bila kumwona Fauzia. Tyson alikuwa na miaka sita, na alilelewa na nyanya yake huko Lugari.

"Tyson, mama hatakuja. Hapana, hujakosea kitu. Ni kazi tu. Nafasi ya gari nimeshaiachilia."

"Lakini ulisema!" mtoto akalia simuni. "Lakini ulisema!"

Jescah alikata simu, akajifuta uso kwa aproni, akarudi kazini. Fauzia alitamani kuuvuta ujumbe wake urudi, lakini angeuvuta kwa kamba gani? Maji yakimwagika hayazoleki. Hakuwa na nauli ya kumpa Jescah, hakuwa na gari, na hakuwa na ujasiri. Alilia peke yake pale kando ya ukuta.

Aliporudi alimkuta mama ofisini kwa Bwana Mukhwana. Mlango ulikuwa wazi. Msimamizi alikuwa anamwonyesha simu yake.

"Simu ni yako, jina ni lako," Bwana Mukhwana alisema. "Sasa unaniambia hukuandika. Nimwamini nani?"

Mama aliutazama ujumbe kwa muda mrefu. Fauzia aliona mabega yake yakishuka, akajua kwamba mama ameelewa.

"Basi, bosi," mama akasema polepole. "Kosa ni langu. Nisamehe."

Fauzia hakuweza kuvumilia hilo. "Si yeye!" akapiga kelele kutoka mlangoni. "Ni mimi niliandika! Mama alisema nijibu yuko. Nilitaka harusi!"

Bwana Mukhwana alivua miwani yake, akashusha pumzi. Hakumkaripia. Alichukua kalamu, akalikata jina la Jescah kwenye orodha ya zamu na kuandika la Aminah. "Hili ni rahisi," akasema. "Lakini gari je? Magari yote ya kwenda Lugari yamejaa mpaka tarehe ishirini na sita."

Walikaa wote watatu bila shauri. Hatimaye msimamizi akakumbuka kwamba kesho yake Kibet, dereva wa lori la maziwa, angepita karibu na Lugari akirudi Eldoret. Akampigia simu. Kulikuwa na nafasi moja mbele, kando ya dereva.

"Habari hiyo utampelekea Mama Tyson wewe mwenyewe," mama alimwambia Fauzia. "Na ile nyingine pia."

Fauzia alieleza yote, macho chini. Jescah alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungekuwa wangu, ungenikoma," akasema. "Lakini umekuja mwenyewe, sikukukamata. Uchungu bado ninao. Utaisha polepole." Kisha akamgeukia Bi. Aminah, wakashikana mikono.

Siku ya Krismasi, kabla jua halijachomoza, Fauzia alikuwa kituoni akisuuza mitungi. Wakulima walikuja na nguo zao za kanisani, wakaacha maziwa, wakaondoka mbio. Saa nne simu ya mama ikalia kutoka Matungu. Vigelegele vilisikika hadi pale Fauzia aliposimama. Mama alisikiliza, akacheka na wifi zake, na alipokata simu machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mama, nawe ulitaka kwenda?"

"Zeituni nilimkuta mtoto nilipoolewa. Ndimi niliyemsuka nywele alipoanza shule. Wadhani sikutaka?" Mama alijifuta macho. "Nilitaka kuliko wewe. Lakini Jescah alikwisha kusimama mahali pangu, na ahadi ni deni. Mtungi mmoja wa maziwa yaliyochacha ukiumimina ndani, umeharibu tangi zima. Ndivyo ulivyofanya na uongo wako. Umemliza Tyson usiyemjua, na mimi nikaonekana laghai mbele ya wenzangu. Ukitaka kitu, mwanangu, kiombe. Ukinyimwa, lia. Lakini usichukue jina la mtu ukalisemea uongo."

"Sitarudia, mama."

Mkulima mwingine aliingia na mtungi uliojaa. Mama alipima, akatikisa kichwa kukubali. Fauzia akashika upande mmoja, mama upande wa pili, wakamimina pamoja.