Fo-wili ya Mlangoni

Kila Jumatatu na Alhamisi, Mwanaheri humpeleka mama yake hospitali kusafishwa figo. Wanaishi Kivule, mbele ya Ukonga. Mvua ikinyesha, njia yao huwa tope tupu. Masika yaliyopita teksi yao ilikwama bondeni kutwa nzima. Mama alikosa matibabu, akavimba miguu hadi magoti.

Baada ya hapo Mwanaheri na mumewe, Marijani, waliamua kununua gari la fo-wili lililotumika. Hilo ni gari ambalo injini inaweza kuzungusha magurudumu yote manne. Mwanaheri aliuza cherehani zake mbili.

Asubuhi moja Marijani alirudi akitabasamu.

"Mke wangu, nimepata gari! La juzijuzi tu, lina skrini na kamera. Nimeshalipa nusu."

"Umelipa? Nani kalikagua?"

"Si limeandikwa fo-wili mlangoni!"

"Maandishi!" Mwanaheri alipiga meza. "Mama yangu anaumwa, wewe unanunua maandishi? Cherehani zangu nimeziuza ili upate skrini?"

Mwanaheri akavaa ushungi, akaenda kumwita Loveness, jirani yao ambaye ni fundi magari. Wote watatu wakaenda kwenye yadi ya magari, kwa dalali aliyemuuzia Marijani.

Loveness alitandika boksi, akaingia chini ya gari na tochi.

"Kaka Marijani, njoo uangalie mwenyewe. Unaona chuma kirefu kinachotoka mbele kwenda magurudumu ya nyuma?"

"Sioni."

"Hakipo. Hili linavutwa na magurudumu ya mbele tu. Magari mengi yana sura ya fo-wili, lakini siyo. Na hayo maandishi yamebandikwa."

Marijani alitoka chini na vumbi kichwani.

"Uliniambia fo-wili!" alimfokea dalali.

"Braza, mbona unakuza ishu? Hata hili linapita popote."

Mwanaheri alifungua mlango, akakaa kwenye usukani.

"Sitoki humu mpaka urudishe hela yetu. Nitamwambia kila mteja anayeingia hapa."

Aliwaambia kweli, kwa sauti kubwa. Wateja wawili waliondoka. Wa tatu alipogeuka, dalali alirudisha hela yote.

Njiani Marijani alisema, "Basi tununue la zamani. Haya mapya ni utapeli mtupu."

Loveness alisimama ghafla.

"Hapo ndipo mnapoibiwa tena! Gari jipya likiwa fo-wili kweli, na limetunzwa, ni zuri. Halinywi mafuta sana. Ila mifumo yake ya umeme ikiharibika, mafundi wa kweli ni wachache. La zamani lina spea kila kona, lakini linakunywa mafuta, na kutu hula chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari. Usiulize mwaka tu. Kagua chini, ulizia kumbukumbu za matengenezo, kisha jaribu fo-wili kwenye mchanga kabla ya kulipa."

Gari la pili, la zamani, waliliona Temeke. Chini lilipakwa rangi nyeusi, linang'aa. Loveness aligonga chasisi kwa nyundo, kipande chenye kutu kikadondoka. Marijani alimtazama muuzaji kwa hasira, akaondoka bila kuaga.

La tatu lilikuwa la Bi Zubeda wa Mbezi Beach, muuguzi mstaafu. Lilikuwa na miaka ishirini na daftari la matengenezo yote. Walilijaribu mchangani. Magurudumu ya nyuma yalisukuma. Wakalinunua.

"Nisamehe," Marijani alimwambia mkewe. "Nilitaka majirani wanione."

"Nimekusikia," alijibu Mwanaheri. Alikaa siku tatu ndipo akacheka naye.

Masika yalipokuja, mama hakukosa hospitali hata siku moja.

Alhamisi moja, wakitoka hospitali, waliona gari jipya refu limezama topeni. Mwanamke alikuwa nje, pekupeku, analia kwa hasira.

"Waliniambia fo-wili!"

Marijani alifunga kamba, wakalivuta hadi pakavu. Mwanaheri aliinama, akachungulia chini ya gari lile. Kile chuma kirefu hakikuwepo. Alisimama amekunja uso.

"Usilie, dada," alisema. "Nionyeshe aliyekuuzia. Kesho tunakwenda wote."