Wiki ya Majaribio ya Ngan

Kila siku akitoka shule, Ngan alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha tambi cha jirani yao, Bibi Sau, akakaa hapo hadi mama yake arudi kutoka kiwanda cha samaki. Umri wake miaka kumi na mmoja, na bado analindwa kama kifaranga! Wanafunzi wenzake pale mjini Can Tho hawakumpa nafasi ya kupumua.

"Ngan, kimbia, bibi anakungoja akubebe mgongoni!" walimtania.

Alimsumbua mama mpaka mama akasalimu amri.

"Haya, nakupa wiki moja ya majaribio ya kukaa nyumbani peke yako," mama alisema. "Usimfungulie mtu mlango. Usiguse jiko. Kukiwa na jambo, mkimbilie Bibi Sau. Ukifaulu, ufunguo huu wa nyumba utakuwa wako kabisa. Ukishindwa, unarudi kibandani, na sitaki kusikia kilio."

Jumatatu hadi Alhamisi mambo yalikwenda vizuri. Ngan alijifungia ndani, akafanya hesabu, akafua sare yake. Ijumaa ilikuwa siku ya mwezi mpevu, siku ya kumwashia babu udi. Picha ya marehemu babu ilikuwa juu ya meza yake ya kumbukumbu, iliyotandikwa kitambaa chekundu, na tangu alfajiri mama alikuwa ameweka maua na sahani ya machungwa. Kazi ya kuwasha udi ilikuwa yake mama, akirudi jioni.

"Kwa nini babu angoje, na mimi nipo?" Ngan alijiambia. Mama alikataza jiko, kiberiti hakukitaja. Akawasha vijiti vitatu vya udi, akainama mara tatu, kisha akarudi kwenye madaftari yake. Joto lilikuwa kali. Akawasha feni, akaielekeza upande wake, bila kukumbuka kwamba meza ya babu ilikuwa nyuma yake.

Punde akasikia harufu ya nguo inayoungua. Aligeuka. Cheche zilikuwa zimeangukia kitambaa na moto ulikuwa unatambaa kuelekea kwenye picha!

"Mama yangu wee!"

Alizima feni, akanyakua chombo cha maua na kumwaga maji yote. Moto ukazimika. Kitambaani palibaki tundu kubwa kama bakuli la wali. Ngan hakwenda kwa Bibi Sau. Alifuta maji, akarudisha maua chomboni, akaisogeza sahani ya machungwa, akalifunika lile tundu.

Saa kumi na mbili mama aliingia, akanusa harufu ya udi.

"Umemwashia babu udi? Jamani, mwanangu amekua! Basi majaribio yamekwisha. Ufunguo ni wako."

Ngan alikuwa akiusubiri ufunguo ule kwa mwaka mzima. Sasa ulikuwa kiganjani mwake, na aliona aibu hata kuushika. Machozi yakamtoka. Akaiondoa sahani.

"Mama, nusura nichome nyumba."

Alieleza yote, toka kiberiti hadi feni. Mama akakaa chini. Kisha akamvuta Ngan, akamkagua kidole kimoja kimoja, uso na nywele.

"Hukuungua? Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

"Ahsante Mungu!" Mama alimkumbatia kwa nguvu, akicheka na kulia pamoja. "Ulipaswa kumwita Bibi Sau papo hapo. Hilo ni kosa, na kiberiti nakichukua mimi. Udi tutawasha wote wawili."

Ngan akamrudishia ufunguo. Mama hakuupokea.

"Kaa nao. Ajali hutokea hata nikiwepo. Wiki nzima nimekuwa kiwandani roho juu, nikijiuliza kama nikikuacha peke yako nitajua yanayotokea huku. Mtoto anayeficha siwezi kumwacha hata saa moja. Anayesema ukweli, hata unaomtia aibu, huyo naweza kumwacha nikafanya kazi kwa amani."

Ngan alitaka kulifunika tena lile tundu, lakini mama akamzuia.

"Liache lionekane. Babu yako aliona kila kitu, na hakuniambia hata neno moja. Umeniambia wewe."